Ruhusa ya Siku Hiyo Hiyo

Mjomba wangu aliingia chumba cha upasuaji saa 3 asubuhi, akatoka saa 4 na nusu, na saa 9 alasiri akapewa ruhusa. Ngiri aliyoishi nayo kinenani kwa miaka 11, akiifunga kwa mkanda wa kitambaa kila anapokwenda shamba, iliondoka kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Hata usingizi hakupewa. Alichomwa ganzi ya sehemu tu, akawa anamsimulia daktari habari za bei ya kabichi huku anashonwa.

Nilikuwa kwenye benchi la korido pamoja na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Nesi alikuja na karatasi akatusomea taratibu: asibebe mzigo, kidonda kisilowe, nyuzi zitolewe baada ya siku 7, na akiona damu au uvimbe arudi mara moja. Kisha akaniangalia mimi, labda kwa sababu nilikuwa na kompyuta mapajani.

"Dada, mzee anakaa karibu? Usiku wa leo mkipata shida mtaweza kufika hapa?"

"Ndiyo, sista," nikajibu. "Tuko hapa hapa Moro."

Mgeta iko Morogoro. Kwa ramani sikusema uongo. Lakini nilijua alichouliza, na nilijua kwa nini nilijibu hivyo. Saa 12 jioni nilikuwa na tiketi ya treni ya kurudi Dar es Salaam, na kesho yake asubuhi nilitakiwa kuwasilisha andiko la utafiti wangu wa shahada ya uzamili mbele ya walimu wa idara. Andiko lenyewe lilihusu historia ya tiba.

Basi tukaachana stendi. Mimi nikapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, na chini ya saa 2 nikawa nimemaliza karibu kilomita 200. Mjomba alikuwa na kilomita 50 na kitu tu. Magari ya abiria ya Nyandira yalikuwa yameshaondoka, na kulala gesti aliona ni kupoteza hela wakati daktari mwenyewe kasema nenda nyumbani. Akapata fuso lililoshusha kabichi sokoni na lilikuwa linarudi mlimani tupu. Walimweka mbele, kiti cha katikati. Kutoka Sangasanga hadi Mlali njia ni tambarare. Baada ya hapo barabara inapanda Uluguru kwa kona na makorongo, na kila korongo lilimfikia mjomba kinenani. Ganzi ilikwisha akiwa njiani. Waliposhuka Nyandira ilikuwa usiku, na nyumba yake iko juu zaidi, mwendo wa saa 1 kwa miguu.

Alfajiri shuka ilikuwa imelowa damu, na pale palipotolewa ngiri palikuwa na uvimbe uliozidi ngiri yenyewe.

Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito kuhusu ardhi na ndoa za wapwa zake. Mtu wa namna hiyo akiugua, vijana hawasubiri kuitwa. Wanne walikata miti 2, wakafunga blanketi, wakamteremsha kwa machela hadi kituo cha afya, wakipokezana kwenye utelezi. Tabibu wa kituo alifungua kidonda, akatoa damu iliyoganda, akaufunga mshipa uliokuwa unavuja, akashona upya, akamlaza siku 2. Alipona. Nataka niseme hilo mapema, usije ukasoma hadi mwisho ukitafuta msiba.

Mimi nilipata simu nikitoka kwenye chumba cha semina. Walimu walikuwa wamelisifu andiko langu. Ndani yake kulikuwa na sentensi niliyoipenda sana, iliyosema kwamba maendeleo ya upasuaji katika karne ya 20 yanaweza kupimwa kwa kupungua kwa siku ambazo mgonjwa hulala hospitalini. Tangu siku ile nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Haina kosa la takwimu. Kosa lake ni kwamba inaishia kwenye geti la hospitali.

Nilirudi maktaba kutafuta upasuaji wa siku moja ulianzia wapi, na nikakutana na James Nicoll, daktari wa upasuaji wa Glasgow, Scotland. Mwaka 1909 alichapisha taarifa ya kazi yake ya miaka 10 katika zahanati ya hospitali ya watoto ya mji huo: upasuaji 8,988, na watoto wakarudi nyumbani siku ile ile. Midomo iliyopasuka, ngiri, mifupa, masikio. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba aliyepasuliwa ni lazima alale kitandani siku nyingi bila kujigeuza. Nicoll alisema hapana: mtoto mchanga hupona vizuri zaidi mikononi mwa mama yake kuliko kwenye wodi ya watu wasiomjua, na vitanda vya hospitali vinajazwa bure na watu wasiovihitaji.

Vitabu vingi vinavyomtaja huishia hapo, na humwita baba wa upasuaji wa siku moja. Lakini kazi yake ilikuwa na sehemu 2 nyingine ambazo hazisimuliwi sana. Ya kwanza, wauguzi walikuwa wakiwafuata watoto waliopasuliwa hadi majumbani kwao. Ya pili, alikodi nyumba karibu na zahanati ili mama wenye watoto wachanga wakae hapo hadi hatari ipite. Kwa hiyo tangu mwanzo wake, upasuaji wa siku moja haukuwa mgonjwa kwenda zake. Ulikuwa kitanda kilichohamishwa kutoka wodini kwenda mahali pengine, na muuguzi akahamishwa pamoja nacho.

Nilipoisoma hiyo niliifunga kompyuta. Sisi tulichukua ruhusa, tukaacha nyumba na muuguzi.

Nisieleweke vibaya. Sitaki turudi enzi za kulala wodini wiki 2 kwa ngiri. Kwa mkulima wa Mgeta, wiki 2 mjini ni gharama ya chakula chake na cha anayemuuguza, ni karoti zinazooza shambani, ni mbuzi wa maziwa asiyekamuliwa. Hiyo ndiyo sababu mjomba alikaa na ngiri yake miaka 11. Hakuwa anaogopa kisu. Alikuwa anaogopa siku. Upasuaji mfupi ndio uliomshawishi ashuke, na ufupi huo una historia yake hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Ngiri ni tundu katika ukuta wa tumbo ambalo utumbo hupenya. Zamani madaktari walivuta nyama za pande 2 wakazishona pamoja, lakini mshono unaovutwa huachia, na ngiri hurudi. Ufumbuzi uliokuja baadaye ni kuweka wavu mwembamba juu ya tundu, na mwili ukaota ndani ya matundu ya wavu kama kunde zinavyopanda kwenye fito. Tatizo lilikuwa bei. Wavu wa kiwandani unaweza kuzidi dola 100. Madaktari wa India walijiuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala chini ya chandarua angeweza kuliuliza: kwani chandarua si wavu? Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda yalichapishwa. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walipasuliwa kwa ganzi ya sehemu. Wengine waliwekewa wavu wa kiwandani, wengine kipande cha wavu wa chandarua kilichotakaswa, chenye gharama ya dola 1 hivi. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu 1 tu katika kundi la chandarua, na katika kundi jingine haikumrudia yeyote. Tofauti hiyo haina uzito kitakwimu.

Mtu wa Morogoro akisoma habari hiyo ana haki ya kutabasamu. Ni katika mkoa huu, Bonde la Kilombero, ambako watafiti wa Ifakara walisimamia katika miaka ya 1990 mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, kwa jina la Zuia Mbu, wakaonyesha kwamba vinaokoa watoto. Vyandarua vilifanikiwa kwa sababu vilipelekwa hadi kijijini, vikauzwa na wenye maduka wanaojulikana, vikafungwa juu ya kitanda cha mtu nyumbani kwake. Neti ilimfuata mtu, na hakuna aliyetarajia mtu ateremke mlima kila jioni akalale chini yake.

Kuna mtu mwingine kijijini kwa mjomba ambaye historia hii inamhusu kuliko wote. Ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu za kugawanya. Miaka kadhaa iliyopita alianza kukonda, akatoka jasho usiku, na upande wa kushoto wa tumbo lake ukawa mgumu. Bandama imevimba. Kwa watu wetu bandama kubwa maana yake malaria, na alitibiwa malaria mara 2 kabla mtu hajahesabu seli zake nyeupe za damu. Zilikuwa nyingi mno. Alikuwa na saratani ya damu, ile ya aina sugu inayokwenda polepole kwa miaka kisha ikageuka ghafla na kuua.

Ugonjwa huo ndio ulioifundisha dunia kutibu saratani kwa kulenga. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, katika mji wa Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akagundua kwa nini ni fupi: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Pale vipande vinapoungana huzaliwa jeni jipya, na jeni hilo hutengeneza protini iliyo kama bomba lisilofungika, inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma. Wakemia wa kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, akiwemo Nicholas Lydon, wakishirikiana na daktari Brian Druker wa Oregon, walipata kemikali inayoingia kwenye protini hiyo pale pale inapochukulia nguvu, ikaziba. Jina lake imatinibu. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliokuwa katika hatua ya polepole na kupewa dozi ya kutosha, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Mei 2001.

Basel si mahali pa mbali sana na Morogoro kama unavyodhani. Rudolf Geigy, mwanabiolojia wa ukoo ule ule wa wenye kiwanda, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 taasisi aliyoiongoza ikafungua maabara ndogo huko, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, waliofanya kazi ile ya vyandarua. Ciba-Geigy nayo iliungana na kampuni nyingine mwaka 1996 ikawa Novartis, na Novartis pamoja na shirika la The Max Foundation wakaanzisha mpango wa kutoa imatinibu bila malipo katika nchi maskini, Tanzania ikiwemo.

Kwa hiyo mwalimu wangu anameza kila jioni, baada ya ugali na mboga, kidonge ambacho bila msaada asingeweza kukinunua kwa pensheni yake. Hakuna kulazwa wala dripu, na nywele hazinyonyoki. Kwa nje huwezi kumjua kuwa ni mgonjwa. Nilipomtembelea alinionyesha kopo, akaniambia kwa sauti ile ile ya darasani, "Ugonjwa wangu sasa ni safari."

Alikuwa na maana hii. Ili kopo lijae, anateremka na lori la mboga usiku, anafika Morogoro alfajiri, anapanda basi la Dar, anapanga foleni, analala kwa mtoto wa dada yake, kisha anarudi. Anafanya hivyo tena na tena, maisha yake yote, kwa sababu dawa hii haimalizi ugonjwa, inaushika. Masika moja barabara ya mlimani ilikatika na akakosa vidonge kwa wiki 3. Seli nyeupe zikaanza kupanda. "Sikuacha dawa," aliniambia. "Njia ndiyo iliyoniacha."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari nikakumbuka jibu langu kwa nesi. Tuko hapa hapa Moro. Katika karatasi ya kitaalamu, mwalimu angehesabiwa kuwa mgonjwa asiyefuata masharti ya dawa, na mjomba angehesabiwa kuwa mgonjwa aliyerudi na tatizo baada ya upasuaji. Barabara haina safu yake kwenye fomu.

Lakini historia ya tiba katika sehemu hizi ina watu walioipa barabara uzito wake. Wa kwanza ninayemfikiria ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeanza mwaka 1957 kuona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya, saratani ambayo leo ina jina lake. Alitaka kujua inaishia wapi. Oktoba 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, alipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaendesha kwa wiki 10, kama kilomita 16,000, kusini hadi Afrika Kusini na kurudi. Tanganyika waliyoipita ilikuwa inahesabu wiki za kuelekea uhuru wake. Waliingia hospitali zaidi ya 50, kubwa na za misheni, wakionyesha picha na kuuliza: mmewahi kuona mtoto kama huyu?

Jibu walilipata kwenye miinuko. Katika nchi zetu za karibu na ikweta, ugonjwa ule ulikuwa mabondeni na pwani, lakini ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi ulikuwa hauonekani. Baridi ya mlimani huwakataa mbu wa malaria, na fununu hiyo ilisaidia baadaye kuunganisha saratani ile na malaria pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964. Mjomba wangu anaishi juu ya mstari huo. Nilipenda kujua kwamba urefu wa mlima, ambao kwetu ni adha ya kila safari, uliwahi kuwa jibu la swali la daktari. Ila alilipata kwa sababu aliendesha yeye.

Wa pili hawana majina vitabuni. Kuanzia mwaka 1963 Tanzania ilikuwa ikiwafundisha matabibu wazoefu kwa miaka 2 zaidi ili wawe madaktari wasaidizi wanaoweza kupasua pale ambapo daktari bingwa hafiki. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, katika mikoa ya Morogoro, Kigoma na Pwani, vituo vya afya vilijengewa vyumba vya upasuaji na watu wa namna hiyo wakafunzwa kuwapasua wajawazito hapo hapo, badala ya kuwapakia kwenye gari kuelekea mjini. Kisu kilipanda barabara. Hata kwa mwalimu wangu jambo kama hilo linawezekana. Mashine ya GeneXpert, ambayo mikoani tunaijua kwa kupima makohozi ya kifua kikuu, ina pia kipimo cha kuhesabu lile jeni la kromosomu 2. Damu inaweza kupimwa karibu, na kopo likapanda mlima na gari linalopeleka dawa nyingine.

Siku ya 7 nilipanda Mgeta kumwona mjomba. Nilimkuta kibarazani, kidonda kimekauka. Nikamwamkia, akaitikia, tukanyamaza kidogo. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kupanga hesabu zake.

"Mpwa wangu, yule sista alikuuliza nini pale korido?"

"Aliniuliza kama tunakaa karibu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ndiyo."

Akatazama bondeni, ambako barabara inaonekana vipande vipande hadi inapotelea ukunguni kuelekea Mlali. "Karibu na nini?" akauliza.

Sikuwa na la kusema. Binamu yangu alicheka, kisha mjomba naye akacheka, akashika ubavu.

Mjomba ana ngiri nyingine inayoanza upande wa kushoto. Baada ya mavuno atashuka tena. Tumekubaliana atalala siku 3 kwa ndugu wa ukoo anayekaa Mlali, na tabibu wa kituo cha afya amesema atamkagua akirudi. Safari hii nimeomba nijaze fomu mimi mwenyewe. Kwenye mstari wa makazi sitaandika Morogoro. Nitaandika jina la kitongoji, na mbele yake: saa 4 kwa gari, saa 1 kwa miguu, masika haipitiki.